Fainali ya Miss World 2019: Mshindi Aliyestahili, Onyesho Lililobana Utamaduni

Msichana anayeniuliza kama mashindano ya urembo yanastahili muda wake namwelekeza kwanza kwenye fainali ya Miss World iliyofanyika katika ukumbi wa ExCeL, London, tarehe 14 Desemba 2019, ingawa sikosi kumtahadharisha kwamba onyesho lenyewe lina upungufu usio mdogo. Mshindi wake, Toni-Ann Singh wa Jamaica, alikuwa na umri wa miaka 23. Alikuwa amesoma saikolojia na masomo ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, akaongoza chama cha wanafunzi wa Karibi chuoni hapo, na alikuwa na azma ya kusomea udaktari. Onyesho la aina hii nalipima kwa jambo moja: kama mtazamaji anaondoka akimfahamu binti huyo pamoja na masomo yake, asili yake na kazi anazoifanyia jamii, au anaondoka akikumbuka gauni tu.

Jukwaa la vipaji ndilo lililofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Singh aliimba wimbo wa Whitney Houston wenye sauti za juu ambazo zimewaumbua waimbaji wengi wazoefu, naye hakuuimba kwa pupa. Alianza chini, akaupandisha taratibu, na alipofika kileleni sauti yake ilikuwa bado imetulia. Ushindi wake katika shindano la vipaji ulikuwa wa haki kabisa. Maswali yaliyofuata, yaliyoulizwa na jaji Piers Morgan, yalinikera kidogo kwa jinsi muuliza swali alivyojipa nafasi kubwa, lakini Singh alijibu kwa utulivu kwamba anajiona kuwa sehemu ya kizazi cha wanawake wanaosonga mbele ili kuibadili dunia. Ni vyema pia kukumbuka kwamba mashindano haya yaliondoa kipengele cha mavazi ya kuogelea tangu 2015, na mzazi anayetazama pamoja na binti zake ataona tofauti.

Udhaifu upo katika utamaduni. Miss World ina sehemu ya ngoma za dunia, ambamo warembo zaidi ya 100 hucheza wakiwa wamevaa mavazi ya kwao, kila mmoja akipata muda mfupi mno kabla mwingine hajaingia. Singh alizaliwa Morant Bay, katika wilaya ya St Thomas, mama akiwa na asili ya Afrika na baba akiwa na asili ya India, kisha familia ikahamia Florida alipokuwa na miaka tisa. Morant Bay ndipo Paul Bogle alipoongoza uasi wa 1865 dhidi ya serikali ya kikoloni ya Waingereza, na St Thomas ndiyo ngome ya Kumina, ibada na ngoma iliyotokana na Wakongo waliopelekwa Jamaica kama vibarua wa mkataba katika karne ya 19, baada ya utumwa kukomeshwa. Katika Kumina mpigaji huilaza ngoma chini, akaikalia kama anayepanda farasi, akapiga kwa viganja huku akikandamiza ngozi kwa kisigino ili kubadili mlio, na Mungu angali anaitwa kwa jina la Zambi, ambalo msomaji wa Kongo atalitambua mara moja. Hayo yote yangeweza kuelezwa kwa filamu ya dakika mbili. Kwa binti aliyekuwa kiongozi wa Wakaribi wenzake chuoni, kupewa vazi na hatua chache za ngoma ni kupunjwa.

Wala si yeye peke yake. Mshindi wa pili, Ophély Mézino, alivaa utepe wa Ufaransa, lakini anatoka Guadeloupe, kisiwa cha Karibi kilicho sehemu ya Ufaransa, ambacho ngoma yake ya gwoka iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Nafasi mbili za juu zilikwenda kwa mabinti wa Karibi, na hilo pekee lilitosha kuwa kiini cha usiku mzima.

Kuhusu huduma kwa jamii nina sifa zaidi kuliko lawama. Mpango wa Beauty with a Purpose (urembo wenye kusudi), ulioanzishwa na Julia Morley mwaka 1972, humtaka kila mshiriki awe na mradi wake, na mradi bora humpa mwenyewe njia ya kusonga mbele katika mashindano. Kwa hiyo kazi ya kijamii ina uzito katika matokeo, jambo ambalo mashindano mengi ya kwetu yangefaa kuiga.

Wakati wa kutangazwa mshindi, mtazame Nyekachi Douglas wa Nigeria. Jina la Jamaica lilipotajwa aliruka na kupiga kelele za shangwe kabla hata mshindi hajaamini masikio yake, akamkumbatia huku Singh amejifunika uso. Baada ya hapo Vanessa Ponce wa Meksiko, mshindi wa 2018, alimvika Singh taji la buluu, lakini mimi niliendelea kumtazama Nyekachi.

Jambo la mwisho linamhusu msichana anayefikiria kushiriki akiwa bado anasoma. Taji hutolewa kwa matarajio ya mwaka mmoja, lakini kwa sababu ya korona Singh alilishika hadi tarehe 16 Machi 2022, alipomkabidhi Karolina Bielawska wa Poland huko San Juan, Puerto Rico, na hakuna Miss World aliyewahi kukaa muda mrefu kama huo. Mtu mwenye ndoto ya udaktari analipia miaka hiyo. Mjamaika mwenzake Lisa Hanna, mshindi wa 1993, alisoma shahada zake katika Chuo Kikuu cha West Indies, akaingia bungeni 2007, kisha akawa Waziri wa Vijana na Utamaduni. Kwa hiyo taji na shule vinaweza kwenda pamoja. Hata hivyo, kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, ningemshauri mshiriki apate kwa maandishi kutoka chuoni kwake kwamba nafasi yake itamsubiri, na kwa waandaaji, kwamba ratiba ya safari itaheshimu mitihani.