Imani ya Siku za Kawaida: Tathmini ya Shule Moja ya Msingi ya Kikatoliki

Mzazi anayetembelea shule ya msingi ya Kikatoliki kwa mara ya kwanza huoneshwa vitu vinavyopendeza macho: sanamu ya Bikira Maria penye bustani, kwaya ya watoto, ubao wa matokeo ya mitihani. Shule ninayoitathmini hapa inavyo vyote hivyo, na sitaitaja jina kwa sababu nitaeleza pia kasoro zake. Lakini vitu hivyo havimwambii mzazi jambo analohitaji kulijua. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, juu ya malezi ya Kikristo, lililotolewa mwaka 1965, linaeleza kuwa kinachoitofautisha shule ya Kikatoliki na nyingine ni mazingira ya kijumuiya yanayohuishwa na roho ya Injili, yaani roho ya uhuru na mapendo. Mazingira ya namna hiyo hayapimwi siku ya sikukuu ya mtakatifu msimamizi, wakati kila mtu amepiga pasi na kila mwalimu anatabasamu. Hupimwa siku ambayo mvua imenyesha, mwalimu mmoja hajafika na watoto wawili wanagombea daftari.

Nianze na sala, kwa kuwa ndiyo inayoonekana mapema. Siku huanzia mstarini kwa sala fupi inayoongozwa na wanafunzi wenyewe kwa zamu ya madarasa, na saa sita mchana kengele hugongwa kwa ajili ya sala ya Malaika wa Bwana. Kinachonipendeza ni nia za sala za asubuhi, ambazo watoto hawasomi kutoka kitabuni. Mmoja humwombea bibi yake anayeumwa, mwingine humwombea baba aliye safarini, na nimesikia mtoto wa darasa la pili akimwombea paka wake bila mtu yeyote kumcheka, hata viranja. Mwalimu wa darasa huzisikiliza nia hizo na kuzikumbuka, kiasi kwamba familia iliyopatwa na msiba hutembelewa kabla haijatuma taarifa rasmi. Sala ya mchana, kwa upande mwingine, imekuwa mbio. Watoto huikariri kwa kasi ya watu wanaowahi foleni, na walimu kadhaa husahihisha madaftari wakati inasaliwa. Ingekuwa heri kusali sehemu moja tu kwa utulivu kuliko kuimaliza yote kwa namna hiyo.

Misa ya shule ni jambo ambalo wamelifikiria vizuri. Mwongozo wa Misa pamoja na watoto, uliotolewa na Vatikano mwaka 1973, unaruhusu mahubiri yachukue sura ya mazungumzo kati ya padre na watoto, na paroko anayehudumia shule hii anaitumia ruhusa hiyo kwa ustadi. Huuliza maswali ambayo hayana jibu moja, kisha husubiri. Watoto husoma masomo, huleta vipaji na kuhudumu altareni, wasichana na wavulana, na anayesoma kwa kusitasita hupewa nafasi sawa na yule mwenye sauti ya mtangazaji.

Hata hivyo, sehemu iliyonishawishi zaidi haihusiani na kanisa moja kwa moja, nayo ni namna ugomvi unavyomalizwa. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyefariki mwaka 1888 baada ya kutumia maisha yake kwa ajili ya vijana, aliandika mwaka 1877 maelezo mafupi ya mfumo wa malezi unaotangulia kosa badala ya kulisubiri, akiusimamisha juu ya akili, dini na upendo unaoonekana. Sijui kama walimu wote hapa wameyasoma maelezo hayo, lakini mwalimu wa zamu hukaa uwanjani katikati ya watoto wakati wa mapumziko, si ofisini akichungulia dirishani, na kwa sababu hiyo magomvi mengi hufa kabla hayajawa kesi. Yanayofika mezani husikilizwa pande zote mbili. Mtoto aliyekosa haamrishwi kutamka samahani papo hapo, kwa maana samahani ya kuamrishwa huwafundisha watoto uigizaji tu. Anaulizwa kwanza ameharibu nini na atakitengenezaje. Aliyechana kitabu hukaa na mwenzake wakakibandika. Mara nyingi samahani huja yenyewe wakati gundi inakauka.

Palikuwa na doa kubwa katika eneo hilo hilo. Mwalimu mmoja alikuwa na mazoea ya kuwapa watoto wakorofi adhabu ya kusali Rozari wakiwa wamepiga magoti nyuma ya darasa. Wazazi kadhaa tulilipinga jambo hilo kikaoni, kwa hoja nyepesi kwamba mtoto anayesalishwa kama anayefagishwa uwanja atajifunza kuwa sala ni mzigo wa wakosaji. Mkuu wa shule, ambaye ni sista, hakujitetea wala kumtupia lawama mwalimu mbele yetu. Adhabu ile ilikoma, na kuanzia hapo kanuni za nidhamu zilizoandikwa zinakataza sala kutumika kama adhabu. Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu shule isiyo na kosa haipo, na namna uongozi unavyopokea lawama ni kipimo ambacho hakuna kipeperushi kinachoweza kukighushi.

Watoto wasio Wakatoliki ni wengi kuliko nilivyotarajia, wakiwemo Waislamu. Sheria ya Kanisa inakataza mtu yeyote kulazimishwa kuipokea imani, na shule huwaeleza wazazi siku ya usajili ni ibada zipi ambazo mtoto wao atahudhuria kama mshiriki wa jumuiya na zipi anaweza kukaa pembeni. Wakati wa Komunyo wapo wanaobaki kwenye viti na wapo wanaosogea huku mikono imekunjwa kifuani ili wapate baraka. Hakuna anayewakodolea macho. Udhaifu uko katika ratiba. Wenzao wanapokwenda kwenye mafundisho ya sakramenti, hawa wengine huachwa darasani na agizo la kujisomea bila msimamizi wa kudumu, na kipindi hicho huishia kuwa kelele. Shule inayowapokea kwa moyo mweupe namna hii inapaswa kuwaandalia pia kazi ya maana kwa saa hiyo.

Kuhusu Komunyo ya Kwanza, Papa Pius wa Kumi aliamua mwaka 1910 kwamba mtoto asicheleweshwe akishafikia umri wa kutumia akili, takriban miaka saba, na sheria ya Kanisa ya sasa inawapa wazazi na paroko jukumu la kumwandaa, naye hupokea kwanza sakramenti ya Kitubio, yaani kuungama dhambi. Hapa maandalizi yanagawanywa kati ya shule na parokia, na mgawanyo huo haujakaa sawa: katekista wa parokia na mwalimu wa dini hutumia vitabu tofauti, hivyo mtoto hukariri jibu moja kwa namna mbili. Mazoezi ya maandamano yalichukua muda ambao ningependa upewe Kitubio, kwani watoto wengi walikuwa wakiogopa kuungama kuliko kuogopa dhambi yenyewe. Ninachowasifu bila kusita ni mavazi. Shule ina kanzu nyeupe za aina moja ambazo huazimwa na kurudishwa, na kwa uamuzi huo mmoja mashindano ya wazazi yamekwisha.

Michango ya Kwaresima huendeshwa na kundi la Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa na Askofu Charles de Forbin-Janson nchini Ufaransa mwaka 1843 kwa wazo kwamba watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka. Visanduku hukusanywa na kufunguliwa bila kutangaza darasa lipi limetoa kiasi gani. Hilo ni dogo machoni pa mtu mzima, lakini mtoto anayetoka katika nyumba yenye shida analiona. Vilevile watoto hufundishwa kuwajua kwa majina mlinzi na wahudumu wa usafi, na siku hao wanapougua hutajwa katika nia za asubuhi kama mtu mwingine yeyote wa shule.

Masomo ya kawaida hayana shida ya kutaja. Sheria ya Kanisa inataka elimu ya shule ya Kikatoliki isipungue ubora wa shule nyingine za eneo lake, na hii haipungui; hisabati ni nzuri, maktaba ni ndogo mno. Somo la dini, cha ajabu, ndilo linalofundishwa kwa ukavu kuliko yote, kwa sababu hupimwa kwa mtihani wa kukariri. Mtoto anaweza kupata alama zote kwa kutaja vituo 14 vya Njia ya Msalaba huku hajaulizwa hata mara moja kwa nini Simoni wa Kirene, aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba, alihitajika.

Ninaipendekeza shule hii kwa mzazi aliye tayari kushirikiana nayo, awe Mkatoliki au la. Anayetafuta mahali pa kukabidhi malezi yote ya imani ili nyumbani apumzike atavunjika moyo, kwa kuwa walimu humwita mara kwa mara, na Mtaguso wenyewe unawahesabu wazazi kuwa walezi wa kwanza. Anayetaka kujionea aombe kuja siku isiyo na hafla, wakati wa mapumziko, akae uwanjani. Uongozi unaruhusu, mradi ajiandikishe getini. Cheti cha ubatizo huhitajika kwa watoto wanaojiandaa kupokea sakramenti tu na si sharti la kupata nafasi, ila darasa la kwanza hujaa mapema, hivyo barua ya maombi ipelekwe muhula mmoja kabla.