Basi la Dar–Iringa: siti nyota 5, chenji nyota 1

Wiki iliyopita nimepanda basi moja la daraja la kati Dar kwenda Iringa, jina naliacha maana narudi nalo mwezi ujao na konda ananijua sura. Siti safi, AC ipo kweli sio ile ya kuambiwa fungua dirisha, chaji ya simu inafanya kazi, suka ametulia, mlima Kitonga kapanda taratibu nyuma ya malori bila kulazimisha kuovateki. Kuchimba dawa mara mbili na zote sehemu zenye vyoo sio porini. Hapo sina neno.

Shida chenji. Pale stendi ya Magufuli nimetoa wekundu wanne, chenji yangu elfu sita, konda akageuza tiketi akaandika nyuma "6000" kwa peni ya bluu akazungushia duara, "utapewa mbele". Anayesafiri anajua hiyo mbele haina kituo. Chalinze nikauliza, akasema Moro. Moro nikauliza, akasema tukishakula. Tumekula, nikauliza, akaniangalia kama vile mi ndo nina deni lake.

Tumetoka Mikumi trafiki kasimamisha, konda akashuka na kile kifaili chake akapotelea nyuma ya basi, dakika mbili karudi twende. Sijaona noti kwahiyo sisemi kitu. Ila gari zima likaanza, dada wa siti ya mbele "kaacha ya maji", dogo mmoja "ya vocha hiyo", mwingine "kampoza tu", na mama niliyekaa nae akasema kwa upole "amezunguka mbuyu", na hapo ndo tunaingia Ruaha Mbuyuni, mibuyu kushoto mibuyu kulia, watu wakacheka hadi aliyelala akaamka kuuliza kuna nini. Na hakuna hata mmoja aliyetamka rushwa, hilo neno wameachiwa mabango ya TAKUKURU. Maji, soda, chai, vocha, ukiwa mgeni utadhani trafiki wana kiu tu.

Kuna mzee mmoja akanigeukia, "kijana unalilia elfu sita, nchi yenyewe ilisubiri chenji ya rada". Wadogo hawaijui hii: serikali ilinunua rada kwa BAE Systems ya Uingereza kwa paundi milioni 28, likaja sakata la kamisheni na bei kubwa, na 2008 humohumo ndo tukapata neno "vijisenti", waziri mmoja alivyoziita pesa zake za akaunti ya nje, baadae kampuni ikabanwa kule kwao na 2012 Tanzania ikalipwa paundi milioni 29.5, ikasemwa ziende kwenye vitabu na madawati. Mtaani ikaitwa chenji. Hesabu mwenyewe, chenji kubwa kuliko bei ya bidhaa! Mzee anasema tatizo langu sikudai kwa kizungu.

Igumbilo, stendi ya Iringa, tumeshuka, konda mifuko mitupu, "nipe namba nakurushia". Siku tatu kanikaushia. Ya nne muamala ukaingia, 5000. Nikampigia buku iko wapi.

"Aah mkuu, hiyo si uniachie ya maji."

Kwahiyo mkipanda lipeni kwa simu kiasi kamili, au bebeni buku buku za kutosha, na siti namba 1 mpaka 4 muache, jua linapiga njia nzima. Jumla nyota 3. Tiketi yangu bado ninayo, 6000 nimeikata nimeandika 1000, mwezi ujao anaipata.