Jiko la nje la pwani: stenlesi, zege na mbao, kipi kinastahili pesa yako

Kwa jiko la nje linalotazama bahari, iwe Bagamoyo, Kigamboni au Jambiani, adui mkubwa ni chumvi kuliko mvua. Masika huosha chumvi, kusi (upepo wa bahari utokao kusini) huipaka. Ndiyo maana mlango wa stenlesi uliofichwa chini ya paa, mahali mvua haifiki, hushika madoa ya kahawia kabla ya ule unaonyeshewa. Kwa hiyo kila kifaa hapa kinahukumiwa kwa jambo moja: chumvi ikikaa juu yake na isioshwe, kitadumu?

Tuanze na stenlesi, maana ndiko pesa nyingi inakopotea. Aina tatu huuzwa kwa jina hilo hilo. Namba 201 imepunguzwa nikeli na kuongezwa manganizi. Ikiwa mpya inang'aa sawa na nyingine, lakini mahali pake ni ndani ya nyumba. Namba 304 ina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli 8. Namba 316 imeongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoizuia chumvi isitoboe vishimo. Kama nyumba iko ndani ya kilomita 5 hivi kutoka kwenye mawimbi, kaunta, sinki na milango viwe vya 316. Kwa aliye Morogoro au Nairobi, 304 inatosha kabisa.

Msikubali kipimo cha sumaku. Sumaku hunasa 430, aina nyingine ya stenlesi ya bei ya chini, lakini 201, 304 na 316 zote haziishiki, au huishika kidogo tu kwenye kona zilizokunjwa. Muuzaji akibandika sumaku ikaanguka, hajathibitisha kuwa si 201. Dai cheti cha kiwandani chenye namba ya aina, au tafuta fundi mwenye dawa ya matone ya kupimia: kwenye 201 tone hugeuka jekundu. Unene wa kaunta uwe milimita 1.2. Bati la 0.8 hubonyea chini ya sufuria nzito, na maji yakituama kwenye bonde hilo chumvi inabaki palepale.

Hata 316 nzuri huharibiwa na fundi. Diski ya grainda iliyokwisha kukata chuma cha kawaida hubeba chembe za chuma hicho na kuzishindilia kwenye stenlesi. Baada ya siku chache utaona vidoti vya kutu, na lawama itamwendea muuza bati. Diski na brashi ya waya viwe vya stenlesi pekee. Mshono ukishachomelewa huwa na rangi ya bluu na kahawia pembeni. Rangi hiyo si pambo, ni sehemu iliyopoteza kinga yake, na lazima iondolewe kwa dawa ya asidi ya kusafishia mishono kisha ioshwe kwa maji mengi. Asidi hiyo ni kali sana: glavu na miwani ni lazima.

Halafu skrubu. Ukiona mstari mwembamba wa kahawia unashuka kutoka kwenye bawaba kama machozi, mara nyingi mlango ni mzima. Skrubu ya chuma iliyopakwa zinki ndiyo inayolia. Nunua zilizopigwa muhuri A4 kichwani, ambazo ni sawa na 316; A2 ni sawa na 304. Usifunge stenlesi kwa riveti za alumini, kwani zikikutana na maji ya chumvi alumini ndiyo inayoliwa.

Kaunta ya zege ni mshindani wa kweli, na kwa jiko la familia huenda ikawa bora. Changanya saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Unene milimita 100, nondo za milimita 8 kila baada ya milimita 150, na zege ya kuzifunika isipungue milimita 40. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima yenye chumvi ni marufuku: nondo huota kutu, huvimba, na kaunta hupasuka kwa chini. Funika kwa magunia yaliyolowa kwa siku 7. Weka mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na mfereji mdogo chini ya ukingo ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani.

Juu ya zege, graniti nyeusi inashinda. Jiwe la marumaru halisi (si vigae tunavyoviita marumaru) na terazo haviwezi ndimu wala ukwaju. Tone la ndimu likilala usiku mmoja huacha duara lisilo na mng'ao, na ukipitisha kidole unahisi limekwaruzika. Panapokaa makaa, zege isiguse moto. Jenga kwa matofali ya kuchoma na udongo.

Kwa upande wa mbao, chipibodi na MDF (bodi za chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) visahaulike. Mbao zinazofaa ni mvule, msaji na mkongo, ule ule wa milango ya Zanzibar. Acha nafasi kati ya ubao na sakafu, na kichwa cha ubao (ncha iliyokatwa) kipakwe zaidi ya ubavu, kwa sababu ndicho kinachonyonya maji. Mafuta ni bora kuliko vanishi: vanishi hubanduka kwa jua na kufungia unyevu ndani, wakati mafuta hurudiwa tu kabla ya masika. Paini ya kijani iliyotiwa dawa inafaa kwa nguzo, lakini mabaki yake yasiingie jikoni kama kuni. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki.

Paa liwe la bati la alumini. Makuti na makaa havikai pamoja. Kabati la mtungi litobolewe matundu chini, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni.

Kipindi cha kusi, stenlesi yote isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, hasa nyuma ya milango na chini ya ukingo wa kaunta, kisha ikaushwe kwa kitambaa. Jiki na steliwulu visiiguse kamwe.