Steshenari zinazochapa rufaa za jinai Unguja na Pemba: lipia lipi, kataa lipi

Kwa kuchapa tunazipa steshenari hizi nyota nne kati ya tano. Karatasi hutoka safi, mapema, na wachapaji wazoefu wanajua Msajili wa Mahakama anataka ipangweje. Kwa bili tunazipa moja, maana nyingi ya steshenari huitoza rufaa ya jinai kama ya madai, na hapo ndipo jamaa wa aliyehukumiwa wanapochunwa.

Chukua rufaa ya kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kinachoifungua ni taarifa ya rufaa, yaani karatasi ya kusema unakata rufaa, chini ya Kanuni ya 68 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009: siku 30 tangu uamuzi, nakala tatu, kwa Msajili wa Mahakama Kuu pale uamuzi ulipotolewa. Ukurasa mmoja unatosha. Toa na nakala ya nne, igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Kuchapa ukurasa mmoja na kutoa fotokopi hakuleti bili ndefu.

Ukiona kwenye bili "kutengeneza kumbukumbu za rufaa", yaani kitabu chenye mwenendo wa kesi na hukumu, kataa. Kwenye madai mrufani huzikusanya mwenyewe ndani ya siku 60, tena huweka dhamana ya gharama, yaani pesa ya kufidia gharama za mpinzani akishindwa. Kwenye jinai kazi hiyo ni ya Msajili, Kanuni ya 71. Kuchapisha upya mwenendo mzima wa kesi ni kutupa pesa baharini. Na chochote kinachoitwa malipo ya mahakama, dai kontroli namba na risiti. "Ya kusogezea faili" haina kontroli namba, na mwenye kuitaja anajua kwa nini.

Makosa ya uandishi hutokana na faili la zamani. Mchapaji hufungua taarifa ya madai iliyomo kwenye kompyuta, akabadilisha majina, basi. Chini inabaki imeandikwa Kanuni ya 83, ambayo ni ya madai. Au hukumu inasema Khamis, taarifa inasema Hamisi. Au tarehe ni ya hukumu ya Mahakama ya Mkoa badala ya Mahakama Kuu. Wengine husahau kutaja kinachopingwa: kutiwa hatiani, adhabu, au vyote viwili. Isome ukiwa na hukumu mkononi, kabla hujatoa pesa.

Sababu za rufaa wasikuuzie siku hiyo hiyo. Zina muda wake, siku 21 baada ya kupewa kumbukumbu, nazo huandikwa kwa ufupi na kwa namba, bila hadithi wala hoja. Kurasa sita za malalamiko si sababu za rufaa. Hapo ni bora mwanasheria, na asiye na uwezo aulizie Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar.

Aliyehukumiwa akiwa Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, duka halihitajiki kabisa. Anajaza fomu kule kule na kumkabidhi mkuu wa chuo, na siku zinazopita hadi karatasi ifike kwa Msajili hazihesabiwi. Aandike tu tarehe aliyoikabidhi.

Kwa walioko Pemba: uamuzi wa Mahakama Kuu ukitolewa Chake Chake, taarifa huwasilishwa Chake Chake. Ukiwekewa nauli ya boti ya kuipeleka Unguja, ifute.