TAHADHARI: "Barua ya nahodha ya 1902" inayouzwa Mombasa ni feki

Ndugu zangu wa Pwani, na nyote mnaopenda vitu vya kale, kuna jamaa anazunguka Mombasa akiuza barua anayodai iliandikwa na nahodha wa jahazi mwaka 1902, akimshtaki afisa wa Kizungu wa bandarini. Msimtumie hata senti. Barua hiyo ni ya kughushi, na ameshaiuza kwa zaidi ya mtu mmoja kila mara akiapa kwamba ni moja tu duniani.

Anaanza kwa picha za WhatsApp. Anasema babu yake alikuwa karani forodhani, akastaafu na faili zake, na sasa kuna mgonjwa nyumbani ndiyo maana anaziuza kwa shingo upande. Ukisitasita kidogo, anakwambia kuna Mzungu wa makumbusho ya Ulaya anaitaka, ila yeye angependa ibaki nyumbani, kwa hiyo amekushikia mpaka jioni. Kisha anakuambia utume amana kwa M-Pesa. Binamu yangu alituma elfu kumi na tano, akaletewa bahasha na bodaboda. Tulipoiweka kando ya ile aliyouziwa jirani yake, pembe imechanika mahali pale pale, na doa la maji limefunika neno lile lile katika barua zote mbili. Geuza karatasi: nyuma hakuna alama yoyote ya lile doa. Chukua kioo cha kukuzia uangalie maandishi, utaona vidoti vya rangi vya printa.

Hata kama hukuletewa karatasi mkononi, picha peke yake yatosha kumkamata. Nahodha wa barua anasema aliingia Mombasa tarehe 14 Agosti akitoka Maskati, amepakia tende na papa mkavu. Mwezi wa Agosti! Mtoto yeyote aliyekulia ufukweni anajua kwamba Agosti ni kusi, upepo unatoka kusini kwenda kaskazini. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, yakauza, yakapakia boriti za mikoko, kisha yakangoja kusi iyarudishe kwao. Jahazi la tanga halishuki kutoka Maskati mpaka Mombasa dhidi ya kusi. Aliyeandika barua hii hajapata kumsikiliza baharia hata siku moja.

Halafu pesa. Barua inasema afisa alidai "shilingi hamsini" ndipo aachie hati za jahazi. Mwaka 1902 pesa ya hapa ilikuwa rupia. Rupia iliondolewa 1920, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaja 1921. Muhuri nao umeandikwa jina la Koloni la Kenya, na koloni lilitangazwa 1920. Mwaka 1902 hapa palikuwa himaya ya Waingereza, iliyotangazwa 1895, na Mombasa ilikuwa ndani ya ule ukanda wa pwani uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Baharia mwenye shauri angeweza kumwendea Liwali, mwakilishi wa Sultani. Barua haimtaji Liwali popote. Imepelekwa kwa "Mkurugenzi wa Mamlaka ya Bandari", kana kwamba imeandikwa juzi.

Na imeandikwa kwa herufi za Kirumi, kwa Kiswahili sanifu kitupu. Wazee wetu wa zama zile waliandika barua zao kwa hati za Kiarabu, wakaanza na salamu ndefu, wakaweka tarehe ya Kiislamu. Kamati iliyosanifisha Kiswahili iliundwa 1930.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu linaniuma. Babu yangu alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia chomboni. Nahodha aliyezuiliwa hati bandarini hakupoteza siku mbili tatu tu: msimu ukimpita alibaki ugenini mpaka upepo ugeuke tena, na mabaharia wake wakila deni. Afisa aliyeshika karatasi alikuwa ameshika chakula cha watu wote wa chombo kile. Dhuluma ya namna hiyo ndiyo tapeli huyu anayoitumia kuwalainisha watu wa Pwani, kwa kuwa anajua mtu mwenye babu wa baharini hatabishana na barua kama hii, ataisoma huku machozi yakimlengalenga.

Wapo watakaosema, je, kama anazo na za kweli? Basi hapo ndipo mwogope zaidi. Karatasi ya ofisi ya forodha ni kumbukumbu ya serikali, si urithi wa karani, na anayeinunua anaweza kujikuta akiulizwa maswali na polisi.

Akikutafuta, mwambie akupigie picha upande wa nyuma wa barua, kwenye mwanga wa jua, na karatasi nzima ionekane. Binamu yangu alipoomba hivyo kwa ile ya pili aliyokuwa akiuziwa, alifungiwa namba papo hapo. Anabadilisha laini mara kwa mara, kwa hiyo kukariri namba hakutawasaidia. Kariri ile hadithi ya babu karani na Mzungu wa makumbusho.

Kama umeshalipa, usifute mazungumzo wala ujumbe wa M-Pesa. Peleka vyote kituo cha polisi pamoja na ile karatasi, na mtuandikie hapa chini ili walioibiwa waende kwa pamoja. Na kama kwenu kuna sanduku la babu lenye barua za kweli, usizitie plastiki wala usizibandike gundi. Ziweke pakavu, kisha uwaulize wataalamu wa Fort Jesus au wa Nyaraka za Taifa, Nairobi, jinsi ya kuzihifadhi.