TAHADHARI: Kadi "zinazopanda miti" kila ukinunua kitu

Jamani, hasa mlioko Marekani: zipo programu za fedha zinazokuambia utumie kadi yao na chenji watakupandia mti. Ukinunua kahawa ya dola 3.40 unakatwa dola 4, na zile senti 60 eti zinaenda msituni. Kabla hujapitishia mshahara wako huko, ijue habari ya Aspiration, kampuni ya namna hii ya California.

Walivuma kwelikweli. Leonardo DiCaprio aliwekeza, Drake pia, na mwaka 2021 wakasaini udhamini wa zaidi ya dola milioni 300 na Clippers, timu ya kikapu. Mwaka huohuo ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi cha Marekani, wakachungulia hesabu: kampuni ilijinadi kwa miti milioni 35, iliyokwisha kupandwa ni milioni 12. Mingine ilikuwa ahadi tu. Na chenji yako haikuwa mchango kwa shirika la misitu. Iliingia kwa kampuni kwanza, nayo ndiyo iliamua kiasi gani kifike shambani.

Hilo lilikuwa dogo. Mwanzilishi mwenza, Joseph Sanberg, alikamatwa Machi 2025, na mwezi huohuo kampuni ikaomba kinga ya ufilisi. Agosti akakubali kukiri ulaghai uliowagharimu wawekezaji na wakopeshaji zaidi ya dola milioni 248. Mbinu yenyewe ilikuwa hivi: alitafuta watu na kampuni wasaini kwamba watalipa makumi ya maelfu ya dola kila mwezi wapandiwe miti. Pesa zikaja kweli, ila zilitoka kwake mwenyewe kwa mlango wa nyuma, zikaandikwa kama mauzo. Wakopeshaji wakaonyeshwa barua ya kughushi kwamba kuna dola milioni 250 taslimu. Hazikufika hata milioni 1.

Niseme haki: wenye akaunti za kawaida hawakuibiwa akiba. Aspiration haikuwa benki, amana zilikaa kwenye benki nyingine zenye bima. Walichouziwa ni miti.

Kwa hiyo ukiambiwa miti, uliza iko wapi, nani anaitunza, mingapi iko hai. Kwa mfano, mche wa mkoko huhesabiwa siku unapochomekwa kwenye tope. Bamvua likiubeba, hakuna anayerudi kupunguza hesabu.

Nyumbani sura ni nyingine na ni mbaya zaidi. Magrupu ya WhatsApp na Telegram yanauza "paneli ya sola" ya kwenye simu, inakulipa kila siku, na zaidi ukileta watu. Paneli hiyo haipo juu ya paa la mtu yeyote. Faida yako ya leo ni kiingilio cha jirani yako. Kenya, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Tanzania, angalia CMSA, mamlaka kama hiyo ya huko, na Benki Kuu. Wakikuonyesha cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, hicho ni cha usajili tu, hakimruhusu mtu kukusanya pesa za umma.

Mwenye jina la programu nyingine ya namna hii alitaje, tuikague kabla watu hawajatuma pesa.