Uzoefu wangu na maelezo ya amri yaliyomo ndani ya Vim

Naandika programu hapa Kisumu, mtaa wa Kondele, na jioni nafundisha vijana wachache. Kihariri tunachotumia, yaani programu ya kuandikia na kurekebisha maandishi ya programu, ni Vim, programu huria aliyoitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Wengi huisifia kasi. Mimi kilichonishika ni maelezo ya amri zake. Unaandika :help, unabonyeza Enter, yote yako hapo, bando liwepo lisiwepo. Kwa kijana anayenunua bando la shilingi 20 na kulipimapima hadi jioni, hilo si jambo dogo. (Wenye Ubuntu: ile Vim ndogo inayokuja na mfumo haina maelezo haya. Sakinisha kifurushi kamili cha vim ndipo uyapate.)

Kila amri imepewa anwani yake, na hapo ndipo naona akili ya waliopanga kazi hii. Chukua herufi u peke yake. Ukiandika :help u unapata namna ya kutengua ulichofanya. :help v_u ni u ya maandishi uliyokwisha kuyachagua, ambayo hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. :help i_CTRL-U ni ile ya mtu aliye katikati ya kuchapa, hufuta alichochapa kwenye mstari. Halafu kuna :help :undo, ya kutengua kwa amri inayoandikwa ikianza na koloni. Chaguo za mipangilio nazo huzungushiwa alama za nukuu, kama :help 'number'. Mwanafunzi akiushika utaratibu huu hanisubiri mimi tena, anajitafutia mwenyewe. Akikuta neno lenye kiungo anabonyeza Ctrl na ], anaruka hadi linapoelezwa; Ctrl na O humrudisha alikotoka.

Wametenga pia vitabu viwili: mwongozo wa mtumiaji, unaosomwa kwa mfululizo sura baada ya sura, na marejeo, ambamo kila amri imeelezwa hadi mwisho wake. Yeyote anayepanga kuandika maelezo ya programu yake ningemsihi autazame mgawanyo huu kabla hajaandika mstari wa kwanza. Anayeanza kabisa aanzie vimtutor, ni kama nusu saa tu.

Andika pia :help uganda. Moolenaar alijitolea kazi ya maji huko Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994, na tangu hapo akawaomba watumiaji wa Vim wawachangie watoto wa pale. Alifariki Agosti 2023. Mimi niliyeko upande huu wa Ziwa Victoria ukurasa ule hunigusa kila nikiufungua.

Lakini marejeo ni magumu. Kiingereza chake kimebanwa, na mabano ya mraba yanakupokea kabla hujajua amri yenyewe inafanya nini. Usipojua jina la kitu, kukipata ni kazi. :helpgrep hutafuta neno ndani ya maelezo yote, ila neno lenyewe lazima liwe la Kiingereza, na hapo vijana wangu wengi hukwama.

Ndiyo maana tumeanza kuyaandika kwa Kiswahili, na Vim yenyewe imetuachia mlango. Faili la undo.txt, lenye maelezo ya kutengua, kwa Kiswahili linaitwa undo.swx, linawekwa kwenye ~/.vim/doc, kisha unaendesha :helptags, inayoorodhesha anwani za amri, kwenye folda hiyo na kuandika :set helplang=sw. Ambacho hakijatafsiriwa kinafunguka kwa Kiingereza, kwa hiyo hatulazimiki kumaliza yote ndipo tutumie. Anwani za amri tunaziacha zilivyo. Hatufuati alfabeti pia. Tunafuata kile ambacho mwanafunzi hukihitaji mapema. Tumeanza na undo kwa sababu ni faili fupi na kila mtu hulihitaji siku ya kwanza. Linalofuata ni change.txt, la kubadili maandishi, ambalo ni refu mno kwa mtu mmoja, kwa hiyo tutaligawana.